Breki Kwanza, Rangi Baadaye

Kila tunapoamua kuutia adabu usafiri wa abiria katika nchi hii, mkono wetu wa kwanza hushika kopo la rangi. Mabasi hupigwa mistari, makondakta hushonewa sare, madereva huvishwa vitambulisho vifuani, na vioo vya mbele hubandikwa stika juu ya stika mpaka dereva anakosa pa kuchungulia. Picha hupigwa, hotuba hutolewa. Kisha basi lenye mistari iliyonyooka na kondakta mwenye sare iliyopigwa pasi huacha njia kwa sababu ya tairi kipara, na watu hufa wakiwa ndani ya gari lililokwisha kupata kila stika inayotakiwa.

Sisemi kwamba viwango havina maana. Nasema kinyume chake: viwango vina maana kubwa mno kiasi kwamba haifai kuvianzia mkiani. Nchi isiyo na wakaguzi wa kutosha, magari ya kutosha wala muda wa kutosha haiwezi kusimamia masharti mia kwa pamoja. Hapana budi ichague. Na hoja yangu ni hii: ianze na yale ambayo abiria hawezi kuyaona, hawezi kuyapima na hawezi kuyakataa, hasa yale ambayo kosa lake likishatokea halirekebishiki. Yale ambayo abiria anayaona kwa macho yake mwenyewe yangoje zamu yao.

Wazee wetu wa pwani walipoweka kibaba na pishi sokoni, hawakuanza kwa kuamua rangi ya kikapu cha mchuuzi. Walianza na kipimo, kwa sababu mnunuzi aliyeutazama mchele aliweza kuona kama una mawe au hauna, lakini hakuweza kujua kwa macho kama lundo lile ni vibaba vitatu au vinne. Palipoishia jicho la mnunuzi ndipo kipimo kilipoanzia kazi. Hiyo ndiyo hekima yote ya viwango, nasi tulikuwa nayo kabla hatujawa na wizara wala wakala.

Ni kweli kwamba huduma si mchele. Shirika la Viwango, lililoanzishwa mwaka 1975, linaweza kuchukua mfuko wa saruji, likaupeleka maabara, likauvunja na kuupima, kisha likaruhusu mifuko mingine ya aina hiyo ipigwe alama. Safari haipimwi hivyo. Safari hutengenezwa na kutumiwa papo hapo, ukishaipata imekwisha. Huwezi kuirudisha dukani ukasema hii imevunjika, nipe nyingine. Kwa hiyo katika huduma, zaidi ya katika bidhaa, kinachofaa kuwekewa kiwango ni yale yanayotangulia safari yenyewe: hali ya chombo, hali ya mwendeshaji, na hesabu ya waliomo. Mengine ni mapambo.

Tukumbuke tulikotoka. Usafiri wa Dar es Salaam ulikuwa mikononi mwa DMT, kampuni iliyotaifishwa mwaka 1970. Mwaka 1974 kazi iligawanywa: UDA ikapewa jiji, KAMATA ikapewa safari za mikoani. Mabasi yakapungua mwaka hadi mwaka kwa kukosa vipuri, huku watu wakiongezeka. Mwaka 1983 serikali ikakubali kwamba watu binafsi waingie rasmi katika biashara hiyo, na nauli ya shilingi tano, ile sarafu tuliyoiita dala, ikatuachia jina la daladala mpaka leo. Nayataja haya si kwa kuililia UDA. Nayataja ili ieleweke kwamba huduma hii ilizaliwa kutokana na uhaba. Abiria aliyesubiri saa mbili kituoni hakuuliza basi lina breki gani, alipita dirishani. Mazoea hayo ya kushukuru kwa chochote kinachotembea hayajatutoka, na ndiyo yanayomfanya abiria wetu kuwa mtu asiyeweza kukataa. Basi mlinzi wake ni nani kama si kanuni?

Nianze na tairi. Ubavuni mwa kila tairi lenye alama za DOT, mwishoni mwa mstari wa herufi hizo, huwa pana tarakimu nne. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye tarakimu 2315 lilitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2015. Ni jambo dogo ambalo mtoto wa darasa la nne angefundishwa akalisoma kwa nusu dakika. Lakini ni abiria gani, akiwa na mtoto mgongoni na begi mkononi, huku mpiga debe amemshika bega, atainama kulisoma? Na akilisoma, akaona tairi limezeeka, atafanya nini, nauli yake ikiwa imekwisha kulipwa? Breki ndizo zilizofichika zaidi: hakuna abiria anayeziona. Vivyo hivyo fremu ya bodi, ambayo fundi wa gereji ameiunga kwa chuma alichokipata, kisha akaifunika kwa bati na rangi inayong'aa. Waswahili walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Gharama ya uficho huu tunaijua. Tarehe 28 Juni 2025, katika eneo la Sabasaba wilayani Same, basi kubwa na basi dogo yaligongana na kuwaka moto. Watu wasiopungua 38 walikufa, wengi wao wakiungua hata wasiweze kutambuliwa. Taarifa ya awali ilieleza kwamba tairi la moja ya magari hayo lilipasuka na dereva akashindwa kulimudu gari. Sikusudii kumhukumu mtu ambaye sijasikiliza kesi yake. Nauliza tu: tukihesabu dakika zote ambazo wakaguzi wetu walizitumia mwaka ule kutazama sare na mistari, na dakika walizozitumia kuinama chini ya magari, zipi zitazidi?

Baada ya chombo huja mwendeshaji. Hapa ndipo penye mzizi wa mambo, na hapa ndipo tunapoogopa kugusa, kwa sababu tukigusa tutamgusa tajiri. Dereva wa daladala kwa kawaida hana mshahara. Ana hesabu. Kila jioni sharti ampelekee mwenye gari fedha waliyokubaliana, iwe mvua iwe jua, gari lijae lisijae. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho chakula chake na cha konda wake. Akiumwa, humpa deiwaka gari kwa siku moja, na huyo deiwaka pengine hana hata barua inayomtambulisha. Sasa mwambie mtu huyu asikimbize, asikatishe ruti, asigombee abiria kituoni, asijaze watu mpaka mlangoni. Atakuitikia kwa heshima, kisha atafanya yaleyale, kwa kuwa mwendo wake haupangwi na kibao cha barabarani. Unapangwa na hesabu. Kosa tunaloliona barabarani asubuhi limekwisha kuandikwa jana jioni katika daftari la tajiri.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Ni sheria nzuri. Kaa katika kituo chochote cha daladala tangu alfajiri mpaka saa tatu usiku, halafu uniambie umewaona madereva wangapi waliobadilishana zamu. Kiwango hiki kimeandikwa, kipo, wala hakihitaji kutungwa upya. Kinachokosekana ni mtu wa kukifanya kiwe sharti la leseni ya biashara: mwenye gari asiye na mkataba wa maandishi na dereva wake asipewe kibali cha njia. Hilo tu. Tungelifanya hilo, nusu ya masharti mengine tungeyafuta.

Badala yake tulifanya nini? Mwaka 2015 madereva walitakiwa kurudi darasani kila walipohuisha leseni zao, na gharama iwe juu yao. Aprili 10 ya mwaka huo waligoma nchi nzima, abiria wakakwama vituoni, na pamoja na kupinga agizo hilo wakadai mikataba ya ajira. Wapo waliowaita wakaidi wasiopenda elimu. Mimi nasema walikuwa wameelewa jambo la viwango kuliko waliowatungia agizo. Mtu anayelala saa nne kwa siku hakosi cheti, anakosa usingizi. Darasa lingemfundisha hatari ya kusinzia, naye angelisikiliza somo hilo huku akisinzia.

Mfano mwingine wa kuchagua kiwango kwa sababu kinaonekana ni marufuku ya safari za usiku. Kwa miaka mingi mabasi ya mikoani yalikatazwa kusafiri usiku, mpaka mwaka 2023 yaliporuhusiwa tena kusafiri kwa saa 24. Nia ya katazo ilikuwa njema, na sitaki kuwadharau waliolitunga huku watu wakizikwa kila wiki. Lakini saa ya ukutani ni rahisi kuisoma, na uchovu wa dereva ni mgumu kuusoma. Tukachagua kilicho rahisi. Dereva aliyepasukiwa na tairi njiani alibaki na njia moja tu, kukimbizana na jua. Na ukiongeza mwendo kutoka kilomita 80 kwa saa, ambazo ndizo kikomo cha basi kubwa, hadi kilomita 100, nguvu ya mgongano haiongezeki kwa robo kama mwendo ulivyoongezeka. Inaongezeka kwa zaidi ya nusu. Kiwango sahihi kilikuwa saa za kuendesha na saa za kupumzika, kwa kila dereva, mchana na usiku. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Dereva wa pili wa safari kama hiyo anahitaji mahali pa kulala, si ndoo iliyopinduliwa kando ya injini.

Jambo la tatu ni hesabu ya watu. Hiki ndicho kiwango rahisi kuliko vyote, maana hakihitaji maabara wala mtambo. Kinahitaji mtu ajuaye kuhesabu na mwenye mamlaka ya kuzuia chombo kisiondoke. Tumekilipia kwa bei kubwa barabarani, na bei kubwa zaidi majini. Kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Hapakuwa na siri ya kiufundi katika msiba ule. Kila aliyesimama gatini aliona kwamba watu wamezidi. Aliyekosekana ni mwenye kusema "hakiondoki" na chombo kikatii. Abiria mmojammoja hawezi kulisema neno hilo. Akishuka yeye, nafasi yake itachukuliwa na mwingine, na soko atalikosa.

Sasa natoa mfano wa majirani zetu, maana wao walijaribu kwa ujasiri. Tarehe 1 Februari 2004 Kenya ilianza kutekeleza kanuni za matatu chini ya waziri wa uchukuzi John Michuki. Zilidai vidhibiti mwendo visivyoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa, mikanda kwa kila abiria, idadi maalumu ya watu, na pamoja na hayo mstari wa njano ubavuni na sare kwa dereva na kondakta. Magari mengi yaliondolewa barabarani, watu wakatembea kwa miguu, waziri hakurudi nyuma, na kwa kipindi fulani ajali zikapungua. Kisha kamba ikalegea. Ukitazama nini kilidumu na nini kilikufa, utapata somo. Mstari wa njano ulidumu, kwa kuwa askari huuona akiwa mita hamsini. Vidhibiti mwendo vingi vilichezewa na mikanda ikachakaa, kwa kuwa kuvikagua kunahitaji kulisimamisha gari, kuingia ndani na kuchafuka mikono. Ukiweka sharti la kuonekana na sharti la kufichika katika orodha moja bila kusema lipi linatangulia, mkaguzi aliyechoka atachagua la kuonekana. Naye hatakuwa mwongo: ataandika kwamba amekagua.

Nisieleweke vibaya kuhusu rangi. Mistari ya rangi ya ruti kwenye daladala za Dar es Salaam ilimsaidia sana bibi asiyejua kusoma. Aliona rangi akajua gari linakwenda wapi. Rangi ile ni kiwango halali, kwa sababu inampa abiria habari ambayo asingeipata vinginevyo. Vilevile mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, sakafu ya kituo ilijengwa ikilingana na sakafu ya basi, na mtu wa kiti cha magurudumu akaweza kuingia bila kubebwa kama gunia. Yapo malalamiko mengi juu ya mwendokasi, lakini kipimo kile cha sentimita chache kilikuwa haki ya mtu, wala hakikuwa pambo. Ndivyo ilivyo kwa mwanafunzi anayesukumwa mlangoni na konda kwa sababu nauli yake ni ndogo. Naye hawezi kukataa wala kuchagua. Kwa hiyo naye yumo katika orodha yangu, mara tu baada ya uhai. Kipimo changu hakiulizi kama sharti ni la chuma au la rangi. Kinauliza: linamlinda nani, na je, mtu huyo angeweza kujilinda mwenyewe?

Najua watakaonipinga. Mwenye mabasi atasema: liachieni soko, abiria wakiona gari bovu watalihama. Nimemjibu tayari. Soko hufanya kazi pale mnunuzi anapoona anachonunua. Kwa viti vizuri, soda na televisheni, soko limefanya kazi yake barabara. Ndiyo maana mabasi ya mikoani leo yana viti laini kuliko sebule zetu, bila ya kanuni yoyote kulazimisha. Lakini hakuna abiria aliyewahi kuhama kampuni kwa sababu ya unene wa bitana za breki. Hapo soko ni kipofu, na ukimwachia kipofu usukani usimlaumu yeye peke yake.

Mwenye ofisi atasema: tuanze na yaliyo rahisi, tujenge mazoea, magumu yatafuata. Hoja hii inavutia, nami naiona kuwa ya hatari kuliko ile ya kwanza. Rahisi huzaa rahisi. Ofisi iliyojizoeza kukagua sare itaajiri wakaguzi wa sare, itachapisha fomu za sare, itatoza faini za sare na kuzizoea fedha zake. Baada ya miaka kumi hakuna atakayekumbuka kwamba sare ilikuwa mwanzo tu. Tena dereva naye hujifunza: hujua kwamba kiwango maana yake ni kuonekana. Ukishamfundisha hivyo, siku ukimletea sharti la breki atakutafutia breki za kuonekana.

Yuko na wa tatu, msomi mwenye moyo mweupe, atakayesema usalama hauna daraja, tufanye yote kwa pamoja. Ningependa iwe hivyo. Lakini askari mmoja kando ya barabara, mbele yake basi lenye abiria sitini wanaolalamika kwamba wanacheleweshwa, ana dakika kumi. Asiyemwambia azitumie vipi hajafuta daraja; amemwachia askari alipange mwenyewe, na pengine amemwachia kondakta alipange kwa noti iliyokunjwa.

Basi nipendekeze waziwazi. Mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, ambayo mwaka 2019 ilichukua kazi za SUMATRA zinazohusu nchi kavu, itangaze kwamba kwa miaka mitatu itakuwa na mambo matano ya kwanza: matairi na umri wake, breki na usukani, mkataba na saa za dereva, mwendo, na idadi ya abiria wenye viti vyenye mikanda inayofungika. Gari lililokosa moja lisiondoke, hata kama limepambwa kama bibi harusi. Gari lililotimiza yote matano lipite, hata kama konda amevaa kandambili. Matokeo ya ukaguzi yabandikwe kituoni kwa maandishi makubwa, namba ya gari na tarehe, ili kilichofichika kionekane na hata lile soko linalosifiwa lipate macho. Baada ya miaka mitatu tukae tuhesabu makaburi, na kama yamepungua tuongeze jambo la sita.

Hayo yatawaudhi wengi. Yatamuudhi tajiri, kwa kuwa mkataba una gharama. Yatawaudhi mafundi cherehani waliotarajia zabuni ya sare. Yatawaudhi hata abiria siku ya kwanza, basi lao litakapozuiwa saa kumi na mbili asubuhi kwa tairi ambalo kwa macho yao halina kasoro. Lakini tarehe 6 Mei 2017, Rhotia, Karatu, wanafunzi 32 walikufa pamoja na walimu wao wawili na dereva, wakienda kufanya mtihani wa majaribio. Watoto wale hawakuchagua gari, hawakumchagua dereva, hawakuwa na njia ya kukagua chochote. Walipanda kwa sababu watu wazima waliwaambia wapande. Anayetaka kutunga kiwango kingine cha usafiri katika nchi hii na amfikirie kwanza mtoto aliyekaa kiti cha nyuma, kisha ndipo aokote kalamu.